Madoa Manne Karibu na Mkia

Rangi ndiyo inayowapoteza wengi. Kiwavijeshi vamizi anaweza kuwa wa kijani, wa kahawia au karibu mweusi, na wote wakatoka katika shamba moja la mahindi. Anayetaka kumjua kwa hakika hutazama kilichopangwa mwilini.

Mtoe kwenye moyo wa mhindi, mlaze kiganjani. Usoni kuna mistari ya rangi hafifu inayounda Y iliyopinduliwa. Wengi huishia hapo na kutangaza wamempata, ilhali viwavi wengine wa jamii yake nao wana alama usoni zinazokaribiana na hiyo. Ushahidi mzito uko nyuma: pingili ya pili kutoka mwisho ina madoa manne meusi, makubwa, yaliyokaa mraba kamili.

Kwa wachanga alama hizo bado hazisomeki. Mwaka 2016, wadudu hawa walipozuka Afrika Magharibi, watafiti walipima pia vinasaba ili kuthibitisha spishi. Mkulima hana maabara, lakini ana mayai. Nondo wa kiwavijeshi hutaga kwa rundo, mara nyingi mayai 100 hadi 200, kisha hulifunika kwa magamba ya kijivu ya tumbo lake. Bungua wa mahindi, Busseola fusca, huyaficha yake kati ya ala ya jani na bua. Kabla ya kuyabandua, basi, angalia yalikotagwa.

Rundo likigeuka jeusi, huenda linakaribia kuanguliwa, au ndani mna vijinyigu vya Telenomus vinavyoyala mayai hayo. Jicho haliamui hapo. Kata kipande cha jani, kitie kwenye chupa, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, usubiri kinachotoka.

Kosa baya zaidi hutokea bua linapopasuliwa na kukutwa kiwavi mnyong'onyevu kando ya vijifuko vyeupe kama punje za mchele. “Ametaga!” husemwa, na vyote huchomwa. Kiwavi hatagi, ni mtoto bado. Vijifuko hivyo ni vya nyigu Cotesia, ambaye watoto wake wamemla kiwavi kwa ndani na kutoka. Cotesia flavipes aliletwa Kenya kutoka Pakistan na kuachiliwa mwaka 1993 kwa kazi hiyohiyo, dhidi ya bungua Chilo partellus. Bua lenye vijifuko hivyo liachwe shambani mpaka nyigu watoke.