Rosa na Meza ya Mkuu wa Chuo

Wapo wazee wenzangu hapa Bilele ambao hata leo husema kwamba Rosa Mistika ni kitabu cha matusi. Riwaya hiyo ya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe katika ziwa letu hilihili, ilitoka mwaka 1971, kisha ikapigwa marufuku mashuleni. Walioikataza waliona ndani yake binti mhuni. Mimi naona kisa cha mamlaka na jinsi yanavyotumiwa vibaya.

Hebu tumtazame Rosa. Nyumbani yuko chini ya Zakaria, baba mlevi, ambaye humpiga kwa ajili ya barua tu ya mvulana. Anatoka pale hajui kuwa mbele ya mwanamume ila kwa hofu. Kisha anakutana na Deogratias, Bwana Maendeleo, mtu wa serikali. Baadaye anafika chuo cha ualimu Morogoro, na huko mkuu wa chuo mwenyewe anamfanya hawara. Baba ana fimbo, ofisa ana cheo, mkuu ana kalamu. Rosa ana nini?

Msomaji mwepesi atajibu: "Lakini alikubali mwenyewe." Ni kweli kwamba Kezilahabi hakumchora Rosa kama malaika, na hapo ndipo penye ustadi wake. Lakini mimi nilisomea ualimu, nikaja kuongoza shule, na najua uzito wa kalamu ile. Mwanachuo akiitwa ofisini kwa mkuu, haendi kama aendaye kwa jirani. Anajua kwamba maksi zake, ripoti ya mazoezi ya kufundisha na jina lake jema vyote hupita kwenye meza ile. "Ndiyo" inayosemwa mbele ya meza hiyo si sawa na ile ya vijana wawili walio huru. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 iliitaja rushwa ya ngono waziwazi kuwa kosa. Riwaya ilikuwa imekwisha kutuonyesha jambo hilo miaka 36 kabla yake.

Hata hivyo, nina lalamiko moja. Baada ya Rosa kujiua, tunamwona yeye na baba yake mbele ya Mungu, na kesi ni ya malezi. Mkuu wa chuo hayumo kizimbani. Mwandishi aliona vema kwamba ukali wa baba ulimwandaa binti kuwa windo, lakini mwindaji ameachwa aende zake. Ndiyo maana wasomaji wengi hufunga kitabu wakibishana juu ya Rosa na Zakaria tu, kana kwamba hapakuwa na mtu mwingine.

Walimu wakisomeshe kitabu hiki, nao wamrudishe mtu huyo katika mjadala. Tukisikia binti fulani ameharibika, tuulize kwanza ni nani aliyekuwa amekaa nyuma ya meza.