Majina Matatu na Muda

Ukisimama kwenye mstari wa kumalizia mbio za mita 100, mlio wa bastola unakufikia ukiwa umechelewa karibu theluthi ya sekunde. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na katika mbio fupi ucheleweshaji huo unatosha kumpandisha mtu daraja asilostahili. Ndiyo maana mpima muda aliyefundishwa hangoji mlio, anatazama moshi. Katika viwanja vya sekondari vya Kasulu na Kibondo ninavyovizungukia, bastola haipo na moshi haupo. Mwalimu wa michezo anapuliza filimbi, au anagonganisha vipande viwili vya mbao juu ya kichwa chake. Kwa mbao kazi inawezekana: tazama mikono inapokutana, bonyeza saa. Kwa filimbi huna cha kutazama ila mashavu ya mwalimu. Nimewaona waandishi wawili, watu wazima na familia zao, wakimkodolea macho mwalimu mdomoni kutoka upande wa pili wa uwanja huku wanafunzi wakiwacheka. Walikuwa kazini.

Kazi hiyo ndiyo ninayotaka kuisifu: kuandika habari za riadha za wanafunzi wa sekondari huku juu Buha, mkoani Kigoma, mbali na Ziwa Tanganyika. Fedha yake haitajiki mbele za watu. Mwandishi wa wilayani kwa kawaida hulipwa kwa habari iliyotoka gazetini, na mbio za mita 800 za wasichana zikishindanishwa na kidole cha mguu cha mshambuliaji wa Simba au Yanga, zinabaki kwenye simu ya mwandishi. Hata ndani ya mkoa wetu, tangu Mashujaa waingie Ligi Kuu mwaka 2023, masikio yote yameelekea Uwanja wa Lake Tanganyika. Sina ugomvi na mpira. Nauonea wivu tu, maana mpira unaandikika kirahisi: mbili kwa moja, wafungaji watatu, umemaliza. Asubuhi moja ya riadha ina matukio zaidi ya kumi, kila tukio lina watu sita au wanane, na yote lazima yaishe kabla ya saa nne kwa sababu uwanja ni huohuo na timu za soka zimeshaanza kupasha misuli moto katikati ya njia ya mita 200.

UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inapanda ngazi: shule, kata, halmashauri, mkoa, taifa. Fainali za taifa zimekwishafanyika Mwanza, Mtwara, Tabora na Iringa, na huko wapo waandishi wa kutosha, kamera na wageni rasmi. Ila anayefika huko ni mmoja kati ya mamia waliokimbia Mei katika nyasi zilizofyekwa jana yake na wanafunzi wenyewe, wakati mvua zinaishia na vumbi jekundu bado halijaanza kupanda. Wale mamia hawana mahali popote walipoandikwa. Msichana wa kidato cha kwanza anayeshika nafasi ya tano leo, mwakani akishika ya pili, hana njia ya kujua kama ameongeza kasi au wale wa mbele yake wamehitimu tu. Mwalimu wake pia hajui. Mwalimu huyo akihamishwa kwenda Kakonko au Uvinza, hata kile kidogo alichokumbuka kinahama naye.

Hapo ndipo mwandishi anapoanza kuwa na maana, na si kwa maneno mazuri. Kwa takwimu. Namfahamu mwenzangu mmoja ambaye ana kauntabuku zilizojaa matokeo ya ngazi ya kata, kwa mwandiko mdogo kama wa karani wa mahakama ya mwanzo. Robo yake, pengine chini ya robo, ndiyo iliyowahi kusomwa redioni au kuchapishwa. Walimu wa michezo humpigia simu kuuliza muda wa mtoto fulani wa miaka miwili iliyopita, naye anafungua ukurasa na kusoma. Kwa wilaya nzima, hiyo ndiyo maktaba ya riadha.

Kupima ni elimu yenyewe. Simu siku hizi inakuonyesha mia za sekunde, na mwandishi mchanga anaandika 11.32 kwa kujiamini. Kidole cha binadamu hakizijui mia za sekunde. Kanuni za riadha zinasema muda wa saa ya mkono upandishwe hadi sehemu ya kumi inayofuata, kwa hiyo 11.32 huandikwa 11.4. Ukitaka kuulinganisha na muda wa mtambo katika mita 100 au 200, unaongeza sekunde 0.24. Wapima muda wakiwa watatu na kila mmoja ana jibu lake, unachukuliwa muda wa katikati, si wa yule aliyependeza zaidi. Haya si mapambo ya wataalamu. Yanamlinda mtoto dhidi ya sifa ya uongo, ile itakayomfikisha mkoani akitarajiwa kuwa radi, kisha aonekane mvivu.

Halafu uwanja. Mviringo wa mita 400 uliopimwa ni anasa. Mara nyingi mwalimu amehesabu hatua kuzunguka uwanja wa mpira, akachora kwa chokaa, na ilipoisha chokaa akamalizia kwa majivu. Mita 1500 ni mizunguko mitatu na robo tatu kwenye uwanja wa kweli. Kwenye uwanja wa hatua inaweza kuwa mita 1400, au ikazidi 1600, kutegemea urefu wa miguu ya mwalimu. Mwandishi mwaminifu anaongeza maneno machache: nyasi, mteremko upande wa bwenini, mzunguko haujapimwa. Kamba ya manila yenye mafundo kila mita kumi inaingia kwenye mkoba wowote. Ukiwahi uwanjani saa kumi na mbili na nusu, wewe na mwanafunzi mmoja mnaweza kuupima mzunguko mzima kabla filimbi haijalia. Mhariri atayakata maneno hayo. Yaandike hata hivyo, yabaki kwenye daftari.

Jambo linalowashinda wengi ni mpangilio wa kumaliza. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika kwenye mstari. Kichwa, mkono na mguu havihesabiki. Anayejirusha kwa kuinyoosha mikono mbele amejipatia picha nzuri tu. Mwandishi aliye peke yake hawezi kuwapima watu wanane, kwa hiyo wazoefu wana ujanja wao: macho yasiondoke mstarini, mdomo uongee na simu inayorekodi. "Kijani, kijani, jezi ya Yanga, peku, sketi, kijani mrefu." Kwanza mpangilio, kisha saa inasomwa. Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walimaliza marathoni ya ubingwa wa dunia kwa muda uleule, saa 2:09:48, na medali ya kwanza ya dhahabu ya Tanzania katika mashindano hayo ilipatikana kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kule ipo kamera ya kumalizia. Kasulu kamera hiyo ni wewe, na mjomba wa aliyeshindwa amesimama nyuma ya bega lako.

Kisha majina. Karatasi ya matokeo ya mwalimu inasema "Bukuru, wa kwanza, Minani, wa pili". Bukuru ni jina la pacha aliyetangulia, na Minani ni mtoto wa nane. Katika shule moja ya kutwa unaweza kukuta akina Bukuru wanne, wawili wakiwa katika mbio moja. Majina matatu, basi: lake, la baba, la babu. Dawa ninayoiheshimu kuliko zote ni ya kungoja. Usimfuate mtoto na kinasa sauti akiwa bado ameinama, mikono magotini, anatapika mate. Mwache anywe maji. Akirudiwa na pumzi, mpe kalamu aandike mwenyewe jina lake kwenye daftari lako, na shule, na kidato. Utaona anavyoandika taratibu, kwa mwandiko wa mtihani. Na kwa kuwa ni mtoto, mwambie mkuu wa shule yake kabla picha yake haijakwenda popote.

Huku kwetu jina lina uzito mwingine ambao mwandishi wa Dar es Salaam huenda asiufikirie. Wilaya hizi zinapakana na Burundi. Kambi ya Nyarugusu, upande wa Kasulu, imepokea wakimbizi tangu 1996. Nduta iko Kibondo. Majina yanafanana pande zote za mpaka, lugha zinasikilizana, na familia nyingi zimekwishaulizwa uraia wao na watu wenye mihuri. Mwaka 2013 Operesheni Kimbunga ilipita Kigoma, Kagera na Geita. Sasa chukua kelele za kawaida za UMISSETA, zile za "mamluki". Mamluki wapo, shule hukopa wachezaji, na mwandishi anayo haki, nasema wajibu, ya kuomba kuona rejesta. Lakini kumwandika kijana kuwa mamluki kwa sababu ya lafudhi yake, au kwa kuwa kocha wa timu iliyofungwa amesema "yule si wa hapa", ni kupeleka taabu kwenye mlango wa mtu. Mstari mmoja gazetini unaweza kudumu kuliko miguu ya kijana huyo. Waandishi wazuri wa Kibondo ninaowajua wamezitupa habari za namna hiyo wakiwa na nauli ya kurudia tu mfukoni, huku wakijua zingetoka ukurasa wa mbele.

Na tuseme ukweli juu ya mgeni rasmi. Fungua habari yoyote ya michezo ya shule, utakuta inaanza na kiongozi ambaye "amewataka wanafunzi kudumisha nidhamu". Aya ya pili anashukuru. Aya ya tatu anaahidi mipira. Mshindi wa mita 3000 anatokea aya ya saba, kama ametokea, bila muda na kwa jina moja. Bahasha ya nauli ina mchango wake katika mpangilio huo, nasi wote tunaijua. Sisemi watu wafe njaa. Nasema hotuba ile itarudiwa mwakani neno kwa neno, na mbio zile hazitarudiwa, kwa hiyo kilicho habari kati ya vitu hivyo viwili kiko wazi.

Upo msemo wa mitaani kwamba wakimbiaji wa nchi hii ni wa Manyara, Arusha na Singida, na Kigoma ni ya wanamuziki na makipa. Ushahidi upo: John Stephen Akhwari ni wa Mbulu, Filbert Bayi wa Karatu, Simbu wa Singida. Ila mwinuko wa kwetu nao si haba. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda hadi Kasulu umeshapita 1,200. Watoto wanashuka makorongo kufuata maji, wanapanda na ndoo, kisha wanakwenda shule kwa miguu. Sitaki kuahidi mabingwa. Vilima peke yake havijawahi kumfundisha mtu mbio, na hata Simbu ana jeshi nyuma yake, kama alivyokuwa nalo Bayi. Ninachosema ni kwamba hoja hiyo haiwezi kuamuliwa kwa msemo. Inaamuliwa kwa muda ulioandikwa, mwaka hadi mwaka, nasi tumekuwa tukibishana bila daftari.

Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, Bayi aliongoza mita 1500 tangu mwanzo na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3:32.16. John Walker wa New Zealand, aliyemfuata, naye alipita chini ya rekodi ya zamani. Leo tunaweza kueleza mbio zile zilivyokwenda, jinsi Bayi alivyozunguka mita 400 za kwanza chini ya sekunde 55, kwa sababu alikuwepo mtu aliyepima njiani. Na Mexico, Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki, Akhwari aliingia uwanjani na goti limefungwa bandeji, wa 57, wa mwisho, kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Mpima muda hakuwa ameondoka, wala mpiga picha. Kwa hiyo jina la mtu wa mwisho linajulikana duniani kuliko la wa pili na wa tatu. Mimi humchukua mpima muda yule kuwa mkubwa wetu kazini.

Kwa hiyo namsifu mwandishi anayebaki hadi wa mwisho afike. Katika mita 3000 za wavulana kuna kijana amepitwa mara mbili, amevua raba moja, na watangazaji wameshahamia kwenye netiboli. Mwandishi bado amesimama, kidole kwenye saa. Anaandika: wa kumi na moja, majina matatu, kidato cha pili, dakika na sekunde zake. Kijana hajui kwamba ameandikwa. Mwakani ataulizwa anataka kupunguza muda gani, na muda huo utakuwepo.

Walimu wa michezo wa Kasulu na Kibondo, nawaomba jambo moja dogo Mei ijayo. Kabla hamjapanda gari kurudi shuleni, bandikeni matokeo yote ukutani, si ya watatu wa kwanza tu: majina matatu, shule, kidato, muda, na neno moja la namna ulivyopimwa. Mwandishi akichelewa, pigeni picha mmtumie. Nanyi wahariri wa Dar es Salaam, hatuombi ukurasa. Tunaomba mistari minane ya herufi ndogo, chini ya msimamo wa ligi, na msiyakate majina ya babu zao.