Mwamba Kwanza, Maji Baadaye

Mlima hukubali kutazamwa siku nzima, na mti vilevile. Maporomoko ya maji hayana subira hiyo: umbo aliloliona mchoraji limekwisha kutoweka kabla brashi haijagusa kanvasi. Hata hivyo wachoraji wengi waliothubutu kuyachora walichagua rangi ya mafuta, rangi inayokawia sana kukauka. Naamini walichagua vyema.

Rangi hiyo ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, aghalabu ya mbegu za kitani. Haikauki kwa kupoteza maji. Mafuta hujiunga polepole na oksijeni ya hewani mpaka yagande, na tabaka nene huweza kuchukua wiki kadhaa. Muda huo ni neema. Ukingo wa maji uliopakwa asubuhi, jioni bado unaweza kupapaswa kwa brashi kavu hadi uyeyukie katika giza la jiwe. Jicho likikosa pa kuona mpaka, huona mwendo.

Kazi huanza na mwamba: kahawia, buluu na kijani kilichokolea, vikiwa vimezimuliwa kwa tapentaini. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu mengi zaidi; ukipindua utaratibu huo, la juu hukauka huku la chini likiendelea kujongea, na picha hupasuka. Kisha huja maji, nayo huanza kwa kijivu na buluu hafifu. Nyeupe nzito huwekwa mwishoni, pale tu jua linapopiga. Anayeimwaga nyeupe kila mahali huambulia shuka iliyoanikwa. Manyunyu ya chini hupakwa kwa rangi haba, ikavutwa juu ya tabaka lililokwisha kukauka, ili mawe yaonekane kwa mbali.

Mwaka 1856 Mmarekani Frederic Edwin Church alikwenda Niagara zaidi ya mara moja, akachora michoro ya majaribio papo hapo. Mwaka uliofuata alikamilisha studioni New York picha yenye upana wa mita 2.3 hivi na kimo cha mita 1, ambayo leo imo katika National Gallery of Art, Washington. Hakumwachia mtazamaji ardhi ya kusimama. Maji yanakuja hadi miguuni. Pale yanapovuka mdomo wa genge, aliyapaka kijani, kwa kuwa maji mengi yaliyotulia hupitisha nuru, na weupe huja yakishachanganyika na hewa. Mwaka 1862 Mwingereza Thomas Baines naye alifika Mosi-oa-Tunya, katika Mto Zambezi, akachora pale pale, na baadaye akatengeneza picha za mafuta kutokana na michoro hiyo.

Wote wawili walimaliza kazi wakiwa mbali na mto. Waliwezaje, ikiwa kila tone waliloliona lilikuwa limekwisha kwenda zake? Waliweza kwa sababu walikuwa wametazama vya kutosha. Ukikaa mbele ya maporomoko utagundua kwamba matone hupita lakini umbo hurudi: mkunjo ule ule juu ya jiwe lile lile, povu lile lile penye ufa ule ule. Maji hutii mwamba ulio chini yake. Mwenye kuujua mwamba huo anajua maji yatapasukia wapi, hata akiwa amefunga dirisha la studio.

Hapo ndipo ukawiaji wa mafuta unapolingana na kazi yenyewe. Picha njema ya maporomoko hubeba saa nyingi za kutazama, zilizowekwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka likapewa haki yake ya kukauka. Ninaisifu sanaa hii kwa adabu hiyo. Humfundisha mtu kwamba kinachopita mbio nacho kina mpangilio wake, na kwamba mpangilio huo humfunukia anayekubali kukaa.