Emilien, Mvinyo wa Shamba Lenye Msitu

Chupa inayotanguliwa na sifa nyingi huwa naionja kwa kinyongo. Emilien ya Château Le Puy inakuja na hadithi tatu kabla hata hujavuta kizibo. Ya kwanza, ukoo wa Amoreau uko kwenye ardhi ile tangu mwaka 1610. Ya pili, shamba halijawahi kutiwa mbolea ya viwandani wala dawa ya kuua magugu. Ya tatu inatoka Japani: mwaka 2009 tamthilia ya televisheni iliyotokana na katuni za Kami no Shizuku iliuteua mvinyo wao wa 2003 kuwa ndio ule uliosakwa tangu mwanzo wa hadithi. Wanunuzi wakavamia, na wenye shamba wakaziondoa sokoni chupa za mwaka huo walizobaki nazo ili walanguzi wasizichezee. Hapo kinyongo changu kikapungua kidogo.

Le Puy iko Saint-Cibard, mashariki ya Saint-Émilion, pembe ya Bordeaux ambayo watalii wengi hawafiki. Ni uwanda ulioinuka, wenye mwamba wa chokaa chini ya udongo wa mfinyanzi. Shamba lina kama hekta 100, lakini karibu nusu tu ndiyo mizabibu. Kwingine ni msitu, malisho na mabwawa, na baadhi ya mistari ya mizabibu bado hulimwa kwa jembe la kukokotwa na farasi. Mhasibu angesema ardhi inapotea bure. Majirani wengi walimsikiliza mhasibu, na sehemu kubwa ya Bordeaux leo unaona mizabibu juu ya mizabibu, hadi ukingoni mwa barabara.

Wauzaji hupenda kusema kwamba ukinywa Emilien unaunywa msitu. Maneno ya biashara hayo. Kazi ya msitu ni ya kawaida zaidi, na kwangu inavutia zaidi: unahifadhi ndege, popo na wadudu wanaowala wadudu waharibifu, na unakata upepo. Mnyama anakula nyasi za malisho na kurudisha samadi. Zabibu inafika pishini na chachu yake yenyewe ikiwa hai, na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu Le Puy hawaongezi chachu ya dukani. Ile iliyokuja na maganda, pamoja na iliyozoea kuta za pishi, ndiyo inayochachusha.

Mseto wenyewe ni Merlot kwa zaidi ya robo tatu, kisha Cabernet Franc na Cabernet Sauvignon, na chembe ya Malbec na Carménère. Hiyo ya mwisho ilikaribia kutoweka Bordeaux baada ya wadudu wa filoksera kuiteketeza mizabibu karne ya 19; mwaka 1994 ikatambuliwa Chile, ambako watu walikuwa wakiiita Merlot.

Nilionja ya 2016. Rangi yake ni nyepesi, unaona vidole vyako nyuma ya gilasi. Harufu ya kwanza ilikuwa zizi. Mashabiki wa mvinyo wa asili watakwambia huo ndio ukweli wa shamba. Mimi naiita kasoro, na sioni kwa nini kasoro isamehewe kwa kuwa mkulima ni mwema. Baada ya saa moja ikaisha, zikabaki plamu, majani makavu yaliyolowa mvua, na ukavu ulimini kama wa chai ya rangi iliyokolea. Vanila hakuna, maana mapipa yao ni ya zamani. Anayetaka Bordeaux nzito ya kuonyesha wageni atasema ni maji maji. Mimi nilimaliza gilasi na kutaka chakula, na nadhani ndivyo mvinyo huu ulivyokusudiwa. Siku ya pili ulikuwa mtamu zaidi ya siku ya kwanza.

Kinachonikera ni bei. Hiki ni kinywaji cha mezani kwa mkulima, na leo chupa moja inauzwa makumi ya euro. Sifa ya Japani ilisaidia kuulipia msitu ule. Jirani anayetaka kurudisha miti shambani mwake hana katuni ya kumtangaza, na mvinyo wake wa bei nafuu hauuziki. Mwaka 2023 ulipitishwa mpango wa kuwalipa wakulima wa Bordeaux euro 6,000 kwa kila hekta ya mizabibu watakayoing'oa. Waliochukua fedha za serikali walitakiwa kuiacha ardhi hiyo ilale au kuipanda miti, kwa miaka 20. Ukipima kwa kiwango hicho, nusu ya Le Puy isiyo na mizabibu ingekuwa na thamani ya kama euro 300,000. Fidia hiyo hawawezi kuidai, kwa kuwa pale hakuna cha kung'oa.