Ngozi ya Pili ya Kioo: Jinsi Kiwanda cha Van Nelle Kilivyogeuzwa Kuwa Ofisi

Kiwanda cha Van Nelle, kilichojengwa Rotterdam nchini Uholanzi kati ya 1925 na 1931 kwa ajili ya kusindika kahawa, chai na tumbaku, kilibuniwa na wasanifu Johannes Brinkman na Leendert van der Vlugt kwa nia ya kumpa kila mfanyakazi mwanga wa jua mahali pake pa kazi. Ili nia hiyo itimie, uzito wa jengo ulibebwa na nguzo za zege zenye vichwa vilivyotanuka mfano wa uyoga, ambavyo hupokea mzigo wa sakafu moja kwa moja bila kuhitaji boriti, na kuta za nje zikabakiwa na kazi ya kuzuia mvua na upepo tu. Ukuta wa namna hiyo, usiobeba chochote ila uzito wake wenyewe, huitwa ukuta-pazia. Ule wa Van Nelle ulifumwa kwa fremu nyembamba za chuma na kioo cha tabaka moja, nao ulilizunguka hata jengo la tumbaku lenye ghorofa nane.

Wembamba huo ulikuwa kikwazo uzalishaji uliposita katika miaka ya 1990 na jengo likatafutiwa matumizi mapya ya ofisi. Mfanyakazi wa kiwandani hutembea, huinua na husukuma, na mashine zilizo karibu naye hutoa joto, ilhali mtu anayeketi mezani kutwa huihisi upesi baridi inayotoka kwenye kioo. Kioo cha tabaka moja hupoteza takriban wati 5 hadi 6 kwa kila mita ya mraba, kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya halijoto kati ya ndani na nje, na cha kisasa cha tabaka mbili chenye utando wa kuzuia joto hupoteza kiasi cha wati 1 hivi. Kwa hesabu hiyo peke yake, ingeonekana kwamba dawa ni kung'oa vioo vyote na kuweka vipya. Lakini kioo cha tabaka mbili ni kinene na kizito, hivyo kingedai fremu nene zaidi, na mistari myembamba ya chuma, ambayo ndiyo iliyolifanya jengo listahili kulindwa kisheria, ingepotea kabisa.

Wessel de Jonge, msanifu aliyeratibu ukarabati huo, alifuata njia nyingine, inayojulikana kama sanduku ndani ya sanduku. Ukuta wa zamani ulitengenezwa ukabaki mahali pake na tabaka lake moja la kioo, na nyuma yake, ndani ya jengo, pakasimamishwa ukuta wa pili wa kioo unaozifunga ofisi. Nafasi iliyobaki kati ya kuta hizo mbili ni ukanda wa kinga, yaani eneo ambalo halijoto yake si ya nje wala si ya ofisini, na sehemu yake hutumika kama ujia wa kupita watu. Kwa kuwa anayepita hapo hakai, hakuna haja ya kuupasha moto ukanda huo kama ofisi. Hewa iliyomo hupunguza upotevu wa joto wakati wa baridi, na kuta mbili kwa pamoja huzuia kelele za nje zaidi kuliko ambavyo ukuta mmoja ungeweza.

Hapa ndipo penye ubora halisi wa kazi hii. Wakarabati wengi huanza kwa kudhani kwamba kila mita ya jengo lazima iwe na starehe ileile, kisha hulazimika kulibomoa na kulijenga upya lile walilokusudia kulihifadhi. Van Nelle iligawanywa kwa kuuliza nani atakaa wapi na kwa muda gani, na jibu likaamua mahali pa kupeleka joto. Gharama haikukosekana, kwani eneo linalotwaliwa na ukanda haliwezi kupangishwa kama ofisi, na ukanda wowote wa kioo huhitaji kupitisha hewa ya kutosha wakati wa kiangazi ili usigeuke mtego wa joto. Mmiliki anayehesabu kodi ya kila mita ya mraba angeona hasara. Hata hivyo, hesabu hiyo haigusi kile kilichokwisha kutumika zamani.

Kilichokwisha kutumika ni kaboni iliyofumbatwa, yaani hewa ya ukaa iliyotolewa wakati wa kutengeneza na kusafirisha vifaa vya ujenzi, kabla hata taa ya kwanza haijawashwa. Uzalishaji wa saruji hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu duniani, na katika jengo kama hili sehemu kubwa ya mzigo huo imo kwenye nguzo na sakafu, ambazo hazikuguswa kwa sababu zilikwisha kukadiriwa kubeba mashine na shehena. Kuta mpya za kioo na watu wenye kompyuta ni mzigo mwepesi kwa zege hilo. Kukosekana kwa boriti nako kulisaidia, kwa kuwa mabomba na nyaya hupita chini ya dari bapa bila kutobolewa njia.

Jambo la mwisho la kiufundi ni kwamba ukuta wa ndani unaweza kufunguliwa na kuondolewa siku za usoni bila kuujeruhi ule wa awali, iwapo matumizi yatabadilika tena. UNESCO ilipokiingiza kiwanda hiki katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2014, ndani yake kulikuwa na ofisi zinazofanya kazi.