Kikapu cha Mayai: Majaribio ya Ruth Asawa Chuoni Black Mountain, 1946–1949

Kikapu cha mayai cha sokoni Toluca, katika nchi ya Meksiko, ni chombo cha waya mtupu. Hakina ubao wala ukindu, hakina msumari wala gundi. Ni vitanzi tu vilivyoingiana, na mayai yaliyomo huonekana yote kutoka nje. Katika kiangazi cha mwaka 1947 mwanafunzi wa usanifu wa miaka 21, jina lake Ruth Asawa, alikwenda mji huo kufundisha kwa kujitolea, na huko akajifunza kwa wasusi wa mahali hapo namna ya kukisuka. Aliporudi chuoni Marekani alianza kusuka vikapu vyake mwenyewe, na haikupita miaka mingi vikapu hivyo viliacha kuwa vikapu. Safari hiyo ya chombo kugeuka kuwa umbo ndiyo inayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa aghalabu husimuliwa kwa upesi mno, kana kwamba mwalimu mashuhuri alitoa kanuni, mwanafunzi mwerevu akaishika, na msusi wa sokoni hakutoa ila waya.

Mwalimu huyo alikuwa Josef Albers, Mjerumani aliyekimbilia Marekani mwaka 1933, baada ya shule ya Bauhaus kufungwa, akapata kazi katika chuo kidogo cha Black Mountain, jimboni North Carolina, kilichoanzishwa mwaka huo huo. Mwenyewe alipokuwa mwanafunzi huko Weimar, mtu mzima wa zaidi ya miaka 30, alikuwa akiokota vigae vya chupa jalalani na kuvipanga katika fremu vikapitishe nuru, kwa sababu hakuwa na fedha ya kununua rangi na vifaa. Desturi hiyo ya jalalani hakuiacha. Katika masomo yake ya mwanzo wanafunzi walipewa karatasi, mabua, waya, maganda, na mara nyingi walikatazwa hata zana. Kuna kisa kilichosimuliwa na mmoja wa wanafunzi wake wa zamani, kwamba siku moja Albers aligawa magazeti darasani, akawataka watu wayageuze kuwa kitu zaidi ya magazeti, kisha akatoka. Aliporudi alikuta ngome, mashua, wanyama na vinyago. Akasema kuwa vitu hivyo mara nyingi vingefaa zaidi kwa vifaa vingine. Aliyoichagua ni karatasi moja ambayo mwenye kuifanya aliikunja tu kwa urefu wake, ikasimama. Karatasi kwa kawaida hulala. Hapo ilikuwa imesimama kwa ukingo wake, na pande zake mbili zikaonekana kwa mara moja.

Kisa hiki kimerudiwa mno hata kimekuwa kama hadithi ya mawaidha, lakini maana yake ni ya kazi hasa. Anayetengeneza ngome ya karatasi ameanza na ngome, na karatasi kwake ni mtumwa. Anayekunja ameanza na karatasi, akaiuliza inaweza nini. Asawa alilipokea swali hilo kikamilifu. Michoro yake ya miaka hiyo ya chuo ni ya karatasi iliyokunjwa mikunjo ya mbonyeo, na ya majani, na ya maumbo yanayorudiarudia mpaka jicho likose kujua lipi ni umbo na ipi ni nafasi kati ya maumbo. Hata muhuri wa chuo uliotumika kutilia alama nguo za kufuliwa, wenye herufi tatu BMC, aliutwaa akaupiga juu ya karatasi safu kwa safu, mpaka herufi zikasahau kuwa ni herufi zikawa mawimbi.

Ni kazi ya kupendeza, na wahakiki wengi wameisifia. Hata hivyo yafaa kusemwa kwamba ndani yake hamna hatari yo yote. Muhuri hauwezi kukataa. Mkono ukiteremka, alama hutokea. Mwanafunzi hodari yeyote wa Albers angeweza kuipata siku hiyo au siku ya pili. Ulinganisho ulio bora ni ule wa kiangazi cha 1948, Buckminster Fuller alipokuja chuoni na kuwashika wanafunzi wamsaidie kusimamisha kuba kubwa kwa vipande vyembamba vya mapazia ya dirisha. Kuba halikuinuka. Lilibaki chini kama wavu uliotandazwa juani, na jina la mzaha likapewa kwa kulala kwake. Lakini katika kulala kule kila aliyekuwapo aliona kwa macho yake jambo moja ambalo muhuri hausemi kamwe, nalo ni kwamba vitu vya dukani vina uzito wao, na vina shauri lao.

Waya nao una shauri lake. Ukiukunja mahali pamoja mara nyingi hukatika; ukiuachia hurudi nusu ya njia; na ncha yake hula vidole. Namna aliyojifunza Asawa ni hii: waya mmoja mrefu hupindwa vitanzi mfululizo, kisha safu ya pili hupitishwa katika vitanzi vya safu ya kwanza, kila kitanzi kikining'inia katika mwenziwe. Hapana fundo. Hapana fito zinazopitana kama katika dema, ambalo nguvu zake hutokana na kukingamana. Hapa nguvu hutokana na kila kitanzi kumzuia jirani asiondoke, basi umbo lote ni laini mkononi lakini halichanguki. Msusi akiongeza vitanzi umbo hupanuka. Akivipunguza hubana kama shingo ya kibuyu.

Vikapu vya kwanza vya chuoni vina midomo wazi, na vingeweza kwa kweli kubeba kitu. Hatua iliyofuata ilikuwa kuufunga mdomo. Linasemwa kirahisi, walakini hapo ndipo chombo kilipokufa. Kikapu kilichofungwa hakipokei mayai wala hakitoi. Kisha kikaondolewa mezani kikatundikwa darini, kama susu lisilo na chungu. Katika miaka ya 1950, baada ya Asawa kuhamia San Francisco, likaja jambo la ajabu zaidi: umbo likasukwa ndani ya umbo, kwa waya ule ule usiokatika, hivi kwamba ukuta wa nje ukiufuata kwa jicho huingia ndani ukawa ukuta wa umbo la ndani, kisha hutoka tena. Mtazamaji akiuliza ndani ni wapi hapati jibu. Karatasi ya darasani ilionyesha pande zake mbili kwa mara moja. Waya huu umefuta tofauti ya pande zenyewe. Mwanafunzi hapo amempita mwalimu, maana katika kazi zote za Albers, hata zile za vigae vya chupa, upande wa mbele haukomi kuwa wa mbele.

Wahakiki wa wakati ule hawakuliona. Mmoja wao, katika gazeti maarufu la sanaa la New York mwaka 1956, aliziita kazi hizo za nyumbani, za namna ya kike, nyepesi, za kupambia. Picha za Imogen Cunningham, zinazomwonyesha Asawa sakafuni akisuka huku watoto wake wamemzunguka, zingeweza kusomwa kama ushahidi wa hukumu hiyo. Asawa alikuwa na watoto sita, na nyumba yake ndiyo iliyokuwa karakana. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kushangazwa na hukumu ile. Neno sanaa lilikuja kutoka Kiarabu likiwa na maana ya kazi ya mkono yenye ustadi, iwe ya mhunzi, ya sonara au ya mchonga milango. Mpaka kati ya fundi na msanii umechorwa baadaye sana, tena kwa wino wa wageni. Asiyeuona mpaka hahitaji kumtetea Asawa kwamba hakuwa msusi. Alikuwa msusi. La kuulizwa ni alisuka nini.

Limezuka kosa jingine lililo kinyume cha hilo la kwanza, nalo lina huruma zaidi. Asawa alizaliwa California mwaka 1926, wazazi wake wakulima waliotoka Japani. Mwaka 1942, wakati wa vita, serikali ya Marekani iliwafungia makambini watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, wengi wao raia wa kuzaliwa. Baba yake alikamatwa peke yake, akatengwa na jamaa yake kwa miaka. Mama na watoto walilazwa kwanza katika mazizi ya farasi ya uwanja wa mbio wa Santa Anita, kisha wakapelekwa Rohwer, Arkansas. Baadaye, mjini Milwaukee, hakuweza kumaliza masomo ya ualimu, kwa kuwa hakupatikana mahali pa kumruhusu kufanya mazoezi ya kufundisha kwa sababu ya asili yake. Ndiyo maana wako wanaotazama waya wake wakaona seng'enge ya kambi. Hapana budi kukiri kwamba wazo hilo huvuta. Lakini kazi yenyewe hailikubali. Seng'enge husema huku na huko, nawe uko upande mmoja. Vitanzi hivi vimefanya neno hilo lisiwe na maana. Tena seng'enge ni waya ulionyoshwa kwa mashine, huu umepindwa kidole kwa kidole. Aliyeteseka ana haki ya kutengeneza kitu kisichokuwa mateso yake, na mhakiki anayemrudisha kambini kila anapotundika kazi mpya anamfunga mara ya pili. Kilichotoka kambini, ikiwa kitatafutwa, ni cha namna nyingine: ule uvumilivu wa kuanza na kilichopo. Pale Santa Anita wachoraji wa katuni waliofungwa pamoja naye waliwafundisha vijana kuchora, na hayo yalikuwa masomo yake ya kwanza ya dhati katika sanaa.

Linabaki deni la Toluca. Vitabu na vibao vya maonyesho, pamoja na yale makubwa yaliyofanyika San Francisco mwaka 1947 ulipokwisha kuwa mbali sana, yaani mwaka 2025, humtaja Albers kwa jina lake kamili, na msusi wa kikapu kwa jina la mji wake. Asawa mwenyewe hakuficha alikojifunza. Alisema wazi maisha yake yote. Ila kusema kwamba mbinu ilitoka sokoni na fikira ilitoka darasani ni kugawa urithi kwa dhuluma. Somo la karatasi husema: usipoteze, usiongeze, kiache kitu kijishikilie chenyewe. Kikapu cha mayai kilikuwa kikisema hayo yote bila kupitia Dessau, na juu yake kikaongeza la nne lisilokuwamo katika somo, kwamba kilichomo ndani kionekane. Mnunuzi wa mayai anataka kujua kama liko lililovunjika. Uwazi ule ambao leo huandikiwa kurasa kwa kurasa ulianza kama uaminifu wa muuzaji kwa mteja wake.

Vikapu vichache vya wakati ule wa chuo vimesalia. Midomo yake haikukaa sawa, na safu hulegea mahali ambapo mkono ulikuwa bado haujazoea. Mtu akiviangalia kwa karibu ataona safu ambayo vitanzi vyake vimekuwa vikubwa kuliko inavyohitajika, kisha safu inayofuata imebana kwa ghafla, kusahihisha.