Albamu ya Tisa Ambayo Haikutoka

Msanii akishikilia jambo moja kwa miaka ishirini, husemwa. Ataambiwa kaishiwa, au mvivu, au anawaogopa mashabiki wake. Bolt Thrower, bendi ya dethi metali kutoka Coventry nchini Uingereza, walisemwa yote hayo na wakaendelea kupiga walichokuwa wakipiga. Kwa sikio geni, dethi metali ni kelele: magitaa yaliyolegezwa nyuzi mpaka yanaunguruma, ngoma zisizopumua, na mtu anayekoroma palipotarajiwa sauti ya kuimba. Kelele hiyo ina ufundi wake, na katika ufundi huo sijawasikia wakaidi kuwapita hawa. Albamu yao ya nane, Those Once Loyal ya mwaka 2005, kwangu ndiyo bora kuliko zote walizorekodi, ujana wao ukiwemo. Ukaidi ndio uliowafikisha hapo.

Waliianza bendi mwaka 1986. Mtangazaji John Peel wa BBC, ambaye masikio yake hayakubagua muziki, aliwaita kurekodi kwa ajili ya kipindi chake, na mwaka 1988 wakatoa albamu ya kwanza. Wakati ule walikuwa na haraka. Realm of Chaos ya 1989 bado inakwenda mbio, na ukiisikiliza leo unawasikia vijana wakitaka kusema kila kitu kabla hawajanyamazishwa. Kuanzia War Master ya 1991 mwendo ulipungua, uzito ukaongezeka, na hapo ndipo walipoipata sauti yao. Hawakuiacha tena.

Sauti yenyewe inaelezeka kwa maneno machache, na huenda ndiyo sababu wengi waliidharau. Gavin Ward na Barry Thomson, wapiga gitaa wawili, hupiga rifu moja kwa pamoja, yaani kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwarudiwa mpaka kinakuwa uti wa mgongo wa wimbo. Jo Bench, mwanamke aliyeshika besi tangu siku za mwanzo, wakati wanawake katika muziki huu walikuwa wa kuhesabika, huipitia rifu hiyohiyo kwa chini. Ngoma hukaa katika mwendo wa kati. Solo ni fupi, na haiji kuonyesha vidole vya mpigaji. Juu ya yote hayo kuna Karl Willetts, ambaye huunguruma lakini maneno yake yanasikika, jambo ambalo wenzake wengi hata hawalijaribu.

Na maneno ni ya vita, albamu baada ya albamu. Wenzao walipokuwa wakiimba mizoga na mashetani, wao walishika vita wakabaki navyo. Sisemi kwamba Coventry ndiyo iliyowatuma, lakini mji huo una historia yake. Usiku wa 14 Novemba 1940 ndege za Ujerumani ziliuteketeza, na kanisa lake kuu likabaki kuta tupu. Lilipojengwa jipya na kuwekwa wakfu mwaka 1962, magofu ya lile la zamani yaliachwa yasimame pembeni, na yapo hadi leo. Nyimbo za Bolt Thrower nazo hazisherehekei ushindi, wala hazihubiri amani. Zinamweka msikilizaji ndani ya handaki na kumwacha humo.

Msikilizaji wa Kiswahili aliyekua na muziki wa dansi hawezi kushangazwa na bendi isiyobadilika. Bendi zetu kubwa zilikuwa kila moja na mtindo wake, na mtindo huo ulikuwa kama jina la ukoo. Mlimani Park walikuwa Sikinde, na anayekwenda kuwasikiliza Sikinde alitaka Sikinde. Mwanamuziki angeweza kuhama na mwingine akaingia, lakini mtindo ulibaki pale ukumbini ukimsubiri mgeni ajifunze. Hakuna aliyeuita uvivu. Waliokuwa wakisikiliza vizuri walijua kwamba kazi ngumu iko ndani ya mtindo: wimbo wa leo uwe mwana halali wa wimbo wa jana bila kuwa pacha wake.

Those Once Loyal ni mwana wa namna hiyo. Jalada lake limebeba mchongo wa shaba wa wapiga mizinga, kutoka mnara wa kumbukumbu ya Vita Vikuu vya Kwanza, na vita hivyo vinasikika ndani ya albamu. Nyimbo ni tisa, na zote zinaisha kabla ya dakika arobaini. At First Light unafungua bila papara. Gitaa linaanza peke yake, ngoma zinakuja kulifuata, na rifu kuu inapoingia umekwisha kuelewa kwamba hawa watu hawana wa kumshangaza. Entrenched ndio ninaourudia zaidi. Rifu yake inapanda noti chache tu, inashuka, inapanda tena, na inapofika mahali ambapo kijana angebadilisha kwa kuchoka, wao wanaipa mzunguko mmoja zaidi. Mzunguko huo ndio unaoingia mwilini. Mpigaji asiyejiamini angeuondoa.

Siri nyingine ni mpiga ngoma, Martin Kearns. Alijiunga na bendi mwaka 1994 akiwa bado kijana mdogo, akaondoka kwa muda, akarudi. Katika albamu hii ngoma zake kubwa za miguu zinakwenda bila kukatika, ila hazikimbii mbele ya magitaa. Sikiliza The Killchain: miguu inafanya kazi mara mbili ya mikono, na bado wimbo unasikika mzito, hauna pupa. Wapiga ngoma wengi wa muziki huu wana kasi kumzidi. Wenye subira ya namna ile sijawasikia wengi.

Willetts naye alikuwa amerudi muda mfupi kabla ya kurekodi. Albamu iliyotangulia, Honour – Valour – Pride ya 2001, iliimbwa na Dave Ingram, na ni kazi nzuri, japo kuna kitu kimepungua ambacho sikukijua mpaka kiliporudi. Willetts ana namna ya kuchelewa kidogo nyuma ya mapigo, ili neno lianguke rifu inapogeuka. Ingram hupiga palepale kwenye pigo. Tofauti ni ndogo sana, na katika bendi iliyoondoa karibu kila pambo, tofauti ndogo ndizo zinazobaki.

Baada ya hapo wakaanza kutunga albamu ya tisa. Tangu zamani walikuwa wakisema kwamba wataendelea mpaka watoe albamu ya Bolt Thrower iliyokamilika, basi. Walipozipima nyimbo mpya, waliona hazifikii Those Once Loyal, na mwaka 2008 wakatangaza kwamba wameziweka kando. Mashabiki wangeinunua, hilo halina shaka. Bendi ambayo inajirudia kwa uvivu isingekuwa na sababu ya kuzuia chochote, kwa kuwa kwake wimbo wowote wenye umbo lilelile unatosha. Wao walijua umbo si kitu peke yake, na walikuwa na kipimo ambacho sisi wasikilizaji hatukuwa nacho, kwa sababu hizo nyimbo hatukuzisikia.

Waliendelea kupanda jukwaani bila albamu mpya, wakijulikana kwa kuzuia bei za tiketi na fulana zisipande, jambo ambalo mashabiki wao wanalitaja kwa fahari kama wanavyotaja rifu. Tarehe 14 Septemba 2015, wakati bendi ikijiandaa kwa ziara ya Australia, Kearns alifariki ghafla akiwa na umri wa miaka 38. Mwaka mmoja baadaye, siku hiyohiyo, waliobaki walitangaza kwamba Bolt Thrower imekwisha. Willetts na Andrew Whale, mpiga ngoma wao wa kwanza kurekodi, walikuwa wamekwisha kuunda bendi nyingine mwaka huo wa 2016. Inapiga muziki wa ukoo uleule, tena kuhusu vita, na jina ambalo lingewauzia tiketi nyingi zaidi hawakulichukua. Waliiita Memoriam.